Maneno Yanayomweka Mtoto Nyumbani

Mwezi wa nane ukielekea kwisha, wazazi wa Nundu huanza hesabu ya kaye, biki na shati jeupe. Zipo nyumba ambamo hesabu hiyo huzaa mabishano: zile ambamo watoto wamesomea barazani kwa miaka. Mama alikuwa mwalimu kambini Nyarugusu, Tanzania, akavuka ziwa kurudi kwao, akakuta nafasi zimejaa. Baba aliteremsha familia kutoka milimani baada ya kijiji kuchomwa, na shule ikabaki kule juu bila mabati. Au ni mambo ya wakati wa minervali, yaani malipo ya shule: watoto watano, pesa ya mmoja, basi yule mmoja akirudi anawagawia wadogo zake alichookota darasani. Watoto hao wanasoma Biblia ya Kiswahili bila kukwama. Wanajumlisha, wanatoa, wengine wanagawanya. Wasichokijua ni kukaa bankini na wenzao, kuitwa jina asubuhi na kuandika mtihani mbele ya mtu asiye mzazi wao.

Sasa wazazi wanataka kuwapeleka shule ya serikali. Wakitaja tu, maneno yanaanza: sokoni Mboko, nje ya kanisa, kwenye pikipiki ya kwenda Baraka. Nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyapanga foleni. Mengine ni uongo mtupu, mengine yana nusu ya ukweli ndani yake, na hiyo nusu nitaitoa nje ionekane.

"Ulimufundisha nyumbani, serikali itakuuliza."

Hili tulimalize haraka. Ibara ya 43 ya katiba ya Kongo ya 2006 inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya elimu watakayowapa watoto wao. Ibara hiyohiyo inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za umma. Mzazi aliyemfundisha mtoto wake kusoma wakati mwalimu wa kijiji amekimbia hana kesi ya kujibu. Mwenye swali la kuulizwa, kama yupo, ni yule aliyemwacha mtoto bila lolote.

"Bila buletini, masomo haimupokei."

Hapa kuna nusu ya ukweli. Direkta lazima amweke mtoto katika darasa fulani, na buletini ndiyo karatasi inayomwambia ni lipi. Isipokuwepo, anabaki na njia mbili: kukisia kwa umri au kumpima mtoto. Mzazi anayekuja mikono mitupu siku ya kwanza ya mwezi wa tisa, wakati uwanja umejaa, atakisiwa. Mzazi anayekuja wiki mbili kabla, ameshika kaye za nyumbani na mtoto yuko pembeni yake, ana nafasi nzuri ya kupimiwa. Omba waziwazi: "Direkta, tafadhali umupime." Ukurasa mmoja wa kusoma, imla fupi, hesabu nne. Nusu saa haijaisha, kila mtu ameona mtoto yuko wapi.

Kuna kosa ambalo wazazi wetu hulifanya kwa fahari, nalo ni kudai darasa la juu kwa sababu mtoto "anajua kila kitu". Mtoto wa nyumbani kwa kawaida anajua kusema zaidi ya anavyojua kuandika, kwa kuwa nyumbani tunauliza kwa mdomo na tunajibiwa kwa mdomo. Darasa lifuate kile anachoweza kukiandika peke yake. Na kosa la upande wa pili ni baya vilevile: kumkubali direkta anayemweka mtoto wa miaka 10 anayesoma vizuri katika darasa la kwanza, eti hajawahi kusoma. Hapo mzazi abishane kwa adabu, na ikibidi apite kwa komite ya wazazi. Komite hiyo haikuundwa kwa ajili ya kukusanya michango peke yake.

Karatasi ya kuzaliwa ni habari nyingine. Watoto wengi wa huku walizaliwa njiani, kambini, au mwaka ambao ofisi ya sekta ilikuwa imefungwa. Usiitumie kama sababu ya kumbakiza mtoto nyumbani, lakini anza kuitafuta mapema. Baada ya siku 90 tangu kuzaliwa, kuandikisha hupitia mahakamani, na mambo ya mahakama hayajui tarehe ya mtihani wa darasa la sita.

"Ana miaka kumi na mbili. Atasikia haya kukaa na wadogo."

Atasikia, ndiyo. Haya ya mtoto mkubwa ni kitu cha kweli, na imewatoa wengi darasani kabla ya Krismasi. Kwa watoto wa namna hiyo kuna vituo vinavyoitwa CRS, vituo vya kufidia masomo, ambavyo hukunja miaka sita ya msingi kuwa mitatu na kumfikisha mwanafunzi kwenye mtihani uleule wa mwisho wa msingi, TENAFEP ya zamani, ambayo siku hizi ni ENAFEP. Udhaifu wa vituo hivyo ni kwamba vingi hutegemea pesa za miradi, na mradi ukiisha mlango hufungwa. Kwa hiyo uliza kama kituo kipo mwaka huu, usiridhike na kwamba kilikuwepo mwaka juzi.

Tena, mtoto aliyefundishwa vizuri nyumbani huenda asihitaji CRS hata kidogo. Akipimwa akaingia la nne au la tano, tofauti ya umri itakuwa miaka miwili mitatu tu, na katika shule za Fizi hiyo si ajabu: ukiingia darasa lolote utakuta wenye ndevu za kwanza kando ya wenye meno ya kung'oka. Vita vilishawachanganya.

"Masomo ya bure haina kitu." Na jingine: "Bure ni bure, hautatoa hata franka."

Nayaweka pamoja kwa sababu mara nyingi hutoka kinywa kimoja, asubuhi hili na jioni lile.

Tuanze na la pili. Ubure uliokuwa umeandikwa katika katiba tangu 2006 ulianza kutekelezwa nchi nzima mwezi wa tisa 2019. Unahusu shule za msingi za umma, zikiwemo zile za mikataba na makanisa, yaani za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, na zile za Waislamu. Kwetu Nundu shule nyingi ziko chini ya makanisa ya Kiprotestanti, na wapo wazazi wanaodhani kwamba shule ikiwa na jina la kanisa basi ni ya kulipia. Si hivyo. Lakini kaye, biki, shati na sketi ya buluu havimo katika ubure huo. Wala sekondari haimo: mtoto akivuka kwenda darasa la saba, malipo yanarudi. Mzazi anayemwingiza mtoto wa miaka 11 darasa la tano anatakiwa kuanza kufikiria pesa za mwaka wa saba siku hiyohiyo.

Halafu lile la kwanza. Serikali ilitangaza kwamba zaidi ya watoto milioni 4 waliingia au kurudi shule kwa sababu ya ubure. Mabanki hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na walimu pia hawakuongezeka. Mpaka leo tuna walimu wa N.U., wanaofundisha mwaka hadi mwaka bila kumekanizwa, yaani jina halijaingia kwenye orodha ya mishahara, na familia zao zinaishi kwa shamba. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo 2024–2025 walimu wa msingi wa shule za umma waligoma sehemu nyingi za nchi, Kivu Kusini ikiwemo, na watoto wakakaa nyumbani wiki nyingi. Anayesema shule ya bure haina matatizo hajaingia humo.

Walakini kutoka hapo hadi "haina kitu" kuna mruko mkubwa. Barazani kwako hutatoa cheti cha darasa la sita. Hutampa mtoto mtu wa pili wa kumsahihisha, wala wenzake wa kubishana nao juu ya jibu, na hilo la mwisho naliona kubwa kuliko wanavyoliona wazazi wengi. Mtoto aliyefundishwa na mama yake peke yake hujifunza kumsoma mama uso: akikunja paji, anabadilisha jibu. Mbele ya mwalimu asiyemjua, ujanja huo unakufa, na hesabu inabaki peke yake. Wiki za kwanza zitakuwa chungu kwa sababu hiyo. Zisikutishe.

"Amesoma kwa Kiswahili, Kifaransa kitamushinda."

Kati ya maneno yote hili ndilo linalorudisha wazazi wengi nyumbani, na ndilo lenye msingi mbovu kabisa. Katiba inataja lugha nne za taifa, Kiswahili kimojawapo, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mazingira zitumike kufundishia. Kwa hiyo mtoto aliyeanza na Kiswahili hakuanza vibaya. Ameanza mahali sheria inaporuhusu watoto waanze, hata kama si kila darasa linafanya hivyo.

Kusoma hujifunzwa mara moja. Mtoto akishaelewa kwamba alama hizi zinabeba sauti, na kwamba sauti zikishikana zinatoa neno, hahitaji kuelewa tena kwa lugha ya pili. Kinachobaki ni maneno mapya na tahajia ya Kifaransa, ambayo kwa kweli ni ya kuchosha: herufi zinaandikwa halafu hazitamkwi, na sauti nyingine hazipo katika Kiswahili wala Kibembe. Hilo ni kazi ya miezi. Mtoto anayeletewa kusoma na Kifaransa kwa wakati mmoja, bila kuelewa anachokisoma, ndiye anayefika la nne akiimba kurasa kwa kichwa.

Angalia jirani zetu. Watoto wa Burundi walioletwa Lusenda tangu kambi ilipofunguliwa 2015 walikuwa wameanza kwa Kirundi. Waliingia katika shule za Kongo zilizo karibu na kambi, wakakaa banki moja na watoto wetu, wakapambana na Kifaransa hichohicho, na juu yake Kiswahili cha uwanjani. Kabla yao walikuwepo watoto wetu wenyewe, waliorudi kwa meli kutoka Kigoma kuja Baraka kuanzia 2005.

Hata hivyo kuna mtego mmoja ambao wazazi hawauoni mpaka mtihani wa kwanza. Mtoto anajua kugawanya, ila swali limeandikwa kwa Kifaransa, na hajui kwamba ameambiwa agawanye. Anapata sifuri, na mama analia kwamba mtoto amesahau kila kitu. Hajasahau. Basi miezi mitatu kabla ya kuingia, acheni sarufi, mfundisheni Kifaransa cha darasani: hesabu mpaka mia, majina ya vitu vya darasa, amri za mwalimu, na yale maneno ya maswali ya hesabu, kama kujumlisha, kutoa, kilichobaki, jumla, nusu. Ni maneno machache, na kaye moja ya kurasa 48 inayatosha yote. Kama hakuna anayekijua nyumbani, yupo mwanafunzi wa sekondari jirani ambaye kwa sahani ya bugali na ndagala atakuja kila jioni.

Na tafadhali msiache Kiswahili chenu, wala Kibembe, eti mtoto azoee. Baba anayeanza kuzungumza Kifaransa cha kuvunjika na mwanawe amejinyang'anya kitu pekee alichokuwa anamzidi mwalimu: uwezo wa kueleza jambo mpaka lieleweke.

"Mwalimu atabomoa nilichojenga."

Neno hili halisemwi sokoni. Linasemwa na akina mama waliofundisha wenyewe, kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la heshima. Wengi wao, au waume zao, walisoma sehemu ya masomo yao Tanzania. Kule kigawanyo huandikwa kushoto. Huku, kwa desturi tuliyoachiwa na Wabelgiji, kinakaa kulia na jibu chini yake. Kule desimali ina nukta, huku ina mkato. Huku mtoto hufundishwa mwandiko wa kuunganisha herufi tangu mapema, na aliyezoea kuandika herufi mojamoja ataonekana mchafu hata kama jibu ni sahihi.

Hakuna kilichobomolewa hapo. Gawanyo ni lilelile, mpango wa karatasi umebadilika. Mama akae na kaye ya mtoto wa jirani aliye darasa hilo, aone mwalimu anavyopanga, kisha naye apange hivyo wiki chache kabla. Akimwambia mtoto "njia ya mwalimu wako ni mbaya", atamweka mtoto kati ya watu wawili anaowaogopa, na mtoto hatakuwa na njia yoyote. Mama mwenye taaluma anaweza pia kumtembelea mwalimu, amwambie kwa kifupi mtoto alifundishwaje na ni wapi ana nguvu. Asiende kumkagua. Walimu wetu wana enspekta wa kutosha.

"Akishaingia masomo, kazi ya muzazi imeisha."

Hili ndilo linaloniudhi, kwa kuwa husemwa kwa furaha. Mtoto aliyekuwa anasoma kila jioni na mama yake anapata shati jeupe, na tangu siku hiyo koroboi haiwashwi tena kwa ajili ya kaye. Baada ya mwaka mmoja amekuwa mzito kuliko alivyoingia, na lawama zote zinabebeshwa mwalimu.

Hebu tupige hesabu. Katika darasa lililojaa, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti kila siku. Akiwa mwadilifu sana, zamu ya mtoto wako itafika mara moja kwa muda mrefu. Nyumbani anayo dakika kumi zake peke yake kila jioni. Shule nyingine zina zamu mbili, asubuhi kundi hili na mchana kundi lile, kwa hiyo nusu nzima ya siku mtoto yuko mikononi mwako. Muda huo si mdogo kuliko ule wa mwalimu.

"Lakini mimi sikusoma," atasema mama wa Swima au Abeka. Kuna kazi ambazo hazihitaji kusoma. Fungua kaye: kuna tarehe ya leo? Kama hakuna kurasa mpya siku tatu, mwalimu hakuja au mtoto hakufika, na lipi kati ya hayo mawili unaweza kulijua kwa kumuuliza jirani. Kuna wino mwekundu? Mwambie akuonyeshe alichokosea na akueleze kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza, hajaelewa, na wewe umelijua hilo bila kusoma herufi moja. Mwambie akusimulie somo kama mnavyosimuliana habari za ziwani.

Hesabu ndiyo usiniambie huiwezi. Mama anayeuza mawese anajua kwamba bidoni ya lita 20 inatoa chupa 40 za nusu lita. Anajua apandishe bei ya chupa kwa kiasi gani bidoni ikipanda, na anabadilisha dola kuwa franka kichwani huku akibishana na mteja. Mchukue mtoto sokoni Jumamosi, mwache apige hesabu hiyo kwa kaye huku wewe ukiipiga kwa kichwa. Asipofika kwenye jibu lako, mmoja wenu ajieleze.

Ila usigeuze nyumba kuwa shule ya pili. Mtoto aliyeamka alfajiri, akachota maji, akatembea kwenda na kurudi, hahitaji saa tatu nyingine za imla, na hakika hahitaji fimbo juu ya kaye. Hapa nawataja wasichana kwa makusudi. Msichana alipokuwa anasomea nyumbani, masomo yake yaliingizwa kati ya kufagia na kupika. Akienda shule, kazi zile zinamngoja mchana, zote, kama vile hakutoka. Kaka yake yuko mpirani. Kama kuna jambo moja tu nyumba itabadilisha mwaka huo, liwe kugawa upya jembe na sufuria.

"Tungoje kwanza vita viishe."

Nawaelewa wanaosema hivi. Mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoanguka, hofu iliteremka na barabara mpaka Baraka, na wapo waliovuka ziwa tena kwa mitumbwi, wengine wakiwa watoto wa wale waliovuka 1996. Nani anamlipia mtoto shati jeupe katika wiki ya namna hiyo?

Lakini waulizeni hao wa 1996. Walipofika upande wa pili hawakungoja. Watu waliokuwa walimu waliwakusanya watoto, na shule za Wakongo kambini zikaendelea na programu ya Kongo, kwa Kifaransa, mpaka mtihani wa taifa. Waliokuja kuwa wauguzi na walimu wetu wa leo, wengi walipita huko. Na mwaka 2020, korona ilipofunga shule zote nchini kuanzia mwezi wa tatu, Radio Okapi ikaleta masomo hewani, nyumba zilizokuwa na desturi ya kusoma jioni hazikuanza upya shule zilipofunguliwa.

Hapo ndipo mzazi aliyefundisha nyumbani ana utajiri wa kweli. Shule ikifungwa kwa risasi, kwa mgomo au kwa maji, yeye anajua la kufanya kesho yake asubuhi. Ni jirani yake aliyetegemea shule peke yake anayebaki ameshika tama. Kwa hiyo aandikishe mtoto mwaka huu, na aiache ile baraza kama ilivyo, na ubao wake. Aandike kila Ijumaa, au amwambie mtoto aandike, darasa limefika ukurasa gani wa somo gani, ili wakilazimika kuondoka wajue pa kuanzia. Buletini ya kila muhula ipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu aliye mji mwingine. Ile ya karatasi ifungwe kwenye plastiki pamoja na kadi za chanjo, juu, mbali na sakafu: ziwa lilipopanda 2021 na tena 2024, maji yaliingia nyumba za ufukweni bila kubisha hodi.